Mgema Asiyeimba

Ioteba alipanda mnazi wa kwanza jua likiwa bado halijachomoza vizuri, na hakuimba.

Chini, kuku walikuwa wakichakura kando ya jiko. Mama mkwe wake, Nei Kabuta, alikuwa akikohoa ndani ya nyumba ya makuti, na Aretita, binti ya Ioteba, alikuwa akimbembeleza mtoto wake aliyeamka na njaa. Sauti hizo zote zilimfikia kule juu, moja moja. Yake haikuwafikia. Alishusha chupa iliyojaa nusu, akachukua kotama, kisu chake cha kugemea, akakata ncha ya karara, lile chipukizi la ua la mnazi, kipande chembamba kama ukucha. Tone la kwanza la tembo likaanza kujikusanya. Akatundika chupa nyingine, akashuka kama alivyopanda.

Kijijini kwao mgema hapandi kimya. Aliye juu ya mnazi huona visima ambako wanawake huoga, huona nyua za watu. Na kinachomponyoka, kiwe kotama, kiwe kuti, hakichagui kichwa cha kuangukia. Kwa hiyo mgema huimba tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi. Walio chini wakisikia wimbo hujifunika, husogea, huvuta mtoto kando, na hata hawainui macho. Mababu walikuwa na nyimbo zao za mnazini. Tangu kanisa lilipoingia kisiwani, zinazoimbwa ni tenzi.

Ioteba alikuwa ameziimba kwa miaka ishirini na tisa. Kisha, mwezi wa pili, pepo za magharibi zilipokuwa zimepamba moto, mke wake Tirite alishikwa na homa, na meli ya kumpeleka hospitali haikuweza kuukaribia mwamba unaokizunguka kisiwa. Kanisa zima liliomba siku tatu ili upepo utulie. Ulitulia siku ya nne, walipokuwa wakitoka kumzika.

Hakupiga kelele wala hakuacha kwenda ibadani. Alikuwa mtu wa kulipima jambo polepole, na alilipima hili miezi mingi. Aliona kwamba kumwimbia Mungu usiyejua tena kama anasikiliza ni kusema uongo, na juu ya mnazi mtu yuko peke yake mno kusema uongo. Nyimbo za ngoma nazo alikatazwa mpaka mwaka wa msiba uishe. Basi akawa anapanda kimya, na watu wakamvumilia kwa ajili ya msiba.

Uvumilivu uliisha msimu wa ukame. Msichana mmoja alikuwa akioga kisimani, akainua macho, akamwona Ioteba juu ya mnazi, akapiga yowe lililowatoa watu majumbani. Siku ile ile, Jumatano, wazee wakamwita kwenye maneaba, jumba la mikutano, wakamketisha katikati ya mikeka.

"Shemeji," alisema Betero, ndugu wa marehemu Tirite, "siku hizi unapanda kama paka aliyenusa samaki wa jirani."

Watu wakacheka. Betero hakuwa na kinyongo na mtu. Alikuwa mchangamfu, na mzaha ulimtoka tu kama jasho.

Mzee Tekaai, aliyesimamia kikao, alingoja kicheko kiishe. "Ioteba, hatukudai sauti nzuri. Ungekuwa nayo tungeshaisikia. Tunataka tu uimbe."

"Siwezi, mzee."

"Koo linauma?"

"Haliumi."

"Sasa?"

Ioteba alitazama mkeka. "Siwezi kuimba nisichokiamini."

Hakuna aliyecheka. Mke wa mchungaji aliinama akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

"Mpaka Jumapili," Mzee Tekaai alisema hatimaye. "Baada ya ibada, kama bado u kimya, ushuke. Ile minazi ilikuwa ya marehemu, itarudi kwa ndugu yake."

Ioteba aliinua macho kutoka mkekani. Minazi yenyewe hakuililia. Alimfikiria mjukuu wake, Ruta, mtoto wa miezi mitano. Maziwa ya Aretita yalikuwa yamekauka tangu homa ilipompitia yeye pia mwezi uliopita, na maziwa ya kopo yalikuwa yakingojea meli iliyokuwa ikingojewa na kila mtu. Mtoto aliishi kwa tembo tamu, lile bichi lisilochacha, likichanganywa na maji yaliyochemshwa. Nalo tembo halina subira. Karara lisipokatwa asubuhi na jioni, hata Jumapili, hukauka na kufa. Betero, pamoja na uchangamfu wake wote, alikuwa ameua makarara kumi na mawili tangu mwaka uanze.

Jioni Aretita alimfuata jikoni.

"Baba, imba tu. Fumba macho uimbe. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe! Na Ruta anywe nini Jumatatu? Anywe huo ukweli wako?"

Ioteba alichochea kuni. Kesho yake, Alhamisi, juu ya mnazi wa pili, alifungua kinywa. Kilitoka kitu kama mlio wa mlango. Akakifunga. Ijumaa hakujaribu.

Jumamosi alasiri upepo wa mashariki ulivuma kwa nguvu. Aretita alikuwa amekwenda kuteka maji kisima cha mbali, maana cha karibu kilikuwa kimeingiwa na chumvi. Ioteba alikuwa kwenye mnazi wa nne, ule mrefu kuliko yote, unaoinamia nyuma ya jiko. Alikwisha kulifunga karara, akaegemea upongoo, ule uti mgumu wa kuti mojawapo, ili ahamie upande wa pili.

Upongoo ukalia, kisha ukapasuka kwenye shina.

Juu ya kuti lile lilikuwa limekaa kole, kichala kizima cha madafu kumi na moja. Kuti lilipolegea, kole zima likaning'inia, na kikonyo chake kikaanza kuchanika uzi baada ya uzi. Ioteba alilidaka kwa mkono wa kushoto, akalibana kwa kifua, mkono wa kulia ukiwa umeshika kuti la juu. Halikuwa jambo geni kwake. Ikitokea hivyo mgema hutazama chini, akiona pako wazi huachia.

Akatazama chini.

Nei Kabuta alikuwa ametandika mkeka kivulini. Ndani ya nyumba kulikuwa na joto, kwa hiyo alitoka na mtoto, akasikiliza juu kama alivyozoea maisha yake yote, hakusikia mtu, akatandika. Ruta alilala chali katikati ya mkeka. Bibi alikuwa amekaa pembeni, akisuka.

"Ondoka!" Ioteba alipiga kelele. "Ondoka hapo!"

Mkono wa bibi ukasimama. Akatazama upande wa njia. "Nani huyo? Betero? Mama yako si mbuzi wa kufukuzwa!"

"Mama! Mtoto! Mtoe mtoto!"

"Mtoto amelala, mwana balaa! Ukimwamsha utambeba wewe!"

Alikuwa amesimama sasa, mkono kwenye paji la uso, akitafuta njiani, akitafuta nyuma ya jiko, akimtafuta mtu mwenye adabu mbovu kila mahali isipokuwa juu. Kwa nini atazame juu? Juu hakukuwa na mgema. Hakukuwa na wimbo. Upepo uliyavunja maneno ya Ioteba na kuyatupa upande wa bahari. Uzi mwingine wa kikonyo ukakatika. Dafu moja likateleza hadi kiunoni mwake, akalizuia kwa goti. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikifunguka vyenyewe.

Ndipo alipoimba.

Baadaye alijaribu kukumbuka ni wakati gani aliamua, hakuupata. Ulikuwa utenzi wa kwanza aliofundishwa utotoni, ubeti wa kwanza, na aliuimba kwa sauti mbaya iliyokwaruza, kwa nguvu zote za kifua kilichobana madafu. Hakuweka moyo wake ndani. Hakuwa na nafasi ya kuuweka.

Nei Kabuta hakuinua macho. Alishusha mkono kutoka kwenye paji la uso, akainama, akamnyanyua Ruta, akamweka begani na kwenda zake, hatua baada ya hatua, mpaka upande wa pili wa jiko. Alifanya hivyo bila haraka wala swali, kama mtu anayesogeza nguo kwenye kamba mvua ikinukia.

Ioteba alifika mwisho wa mstari, akaachia.

Kishindo kiliwarusha kuku. Akaendelea kuimba, kwa sababu alikuwa bado juu na nusu ya lile kuti ilikuwa bado inaning'inia. Alilikata kwa kotama, akaliacha lianguke, akaimba mpaka mguu wake ukagusa mchanga. Akakaa pale pale.

Mkeka ulikuwa umechanika mahali pawili. Madafu matatu yalikuwa yamepasuka, na maji yake yalikuwa yakinywewa na mchanga pale alipokuwa amelala mtoto.

Nei Kabuta alirudi, Ruta akiwa begani. Aliutazama mkeka muda mrefu. Akakiegemeza kidevu chake kwenye kichwa cha mtoto.

"Ni wewe uliyekuwa ukinifokea?"

"Ni mimi, mama."

"Sikujua uko juu."

"Najua."

"Miezi yote hii sijui uko wapi. Nikitoka nje natembea kama mgeni kwangu." Akavuta pumzi. "Tirite alikuwa mwanangu, Ioteba. Unadhani mimi naimba kwa sababu nimeelewa?"

Ioteba alinyoosha mkono akaushika mguu mdogo wa mtoto. Ulikuwa wa moto, na ulimpiga teke.

Jioni ile alimaliza minazi iliyobaki akiimba. Betero alimsikia kutoka nyumbani kwake, akatoka nje na kusimama.

Lakini Ioteba hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Jumapili baada ya ibada, wazee walipoketi, alisimama kabla hajaitwa. Aretita alimvuta kwa nyuma. Hakuketi.

"Jana niliimba," alisema. "Wengi mmesikia. Sasa nasema mbele yenu ili nisiwadanganye. Sijui kama Mungu alisikiliza tulipomwombea Tirite. Nilipokuwa naimba jana sikujua, na leo sijui. Ninachokijua ni kwamba nilidhani wimbo ni neno langu kwake, likiwa si kweli ninyamaze. Sikukumbuka kwamba chini yangu kuna watu. Kama mgema wa namna hii hafai, semeni sasa, nishuke."

Aretita alimkumbatia mtoto mpaka akalalamika.

"Nei Kabuta," Mzee Tekaai aliita upande wa wanawake. "Uliusikia huo wimbo?"

"Nisingeusikia, leo mngekuwa makaburini, si hapa."

Mzee aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wawili waliitikia kwa kichwa. Wa tatu alifikiri, kisha naye akaitikia.

"Sisi tunawasimamia walio chini ya mnazi," mzee alisema. "Moyo wa aliye juu yake anausimamia mwingine. Kaimbe, Ioteba. Minazi ibaki."

"Na kotama yangu?" Betero alilalamika. "Nimeinoa tangu juzi!"

"Kanyolee ndevu."

Maneaba ikaangua kicheko, na Betero akacheka kuliko wote, pengine kwa ahueni, maana hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye jinsi makarara yanavyomfia mkononi.

Jioni Ioteba alipanda mnazi wa nne. Upepo ulikuwa umepungua. Aliimba ubeti wa kwanza akipanda, wa pili akifungua chupa. Ubeti wa tatu husema kwamba kila aombaye husikiwa. Alipoufikia alinyamaza, kotama ikiwa juu ya karara. Hakuweza. Alibaki akiutafuta ubeti wa nne, na kimya kikaanza kuwa kirefu.

Kutoka chini, karibu na jiko, sauti ya kizee, nyembamba, ikikatizwa na kikohozi, ikaushika ubeti wa tatu na kuuimba wote hadi mwisho.

Ioteba alingoja mpaka akamaliza. Kisha akakata, akaingia na wa nne.