Kiti cha Kumenyea Karanga

Mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja. Ndiyo maana asubuhi ile, mama yangu yuko kwenye basi kutoka Haneti, mimi bado nazunguka kiti changu kwenye karakana ya chuo, nakipiga msasa mahali palipokwisha lainika.

"Erica, utakimaliza hicho kiti!" mwanafunzi mwenzangu Optatus akanitania.

"Niache! Nikifeli huu mradi narudia mwaka."

Dokta Ulimboka, mwalimu wetu wa ubunifu, alitupa kazi moja: buni kiti cha mtu unayemjua kwa msaada wa akili mnemba, kisha kitengeneze kwa mikono yako. Siku ya kuwasilisha, mwenye kiti aje akikalie, afanye kazi yake mbele ya darasa. Ukikirekebisha siku hiyo, huna alama.

Nilimchagua Mama, ambaye humenya karanga kutwa akiwa ameketi chini, mgongo ukimuuma. Programu ikanichorea kiti kizuri, jamani, mpaka nikapiga kigelegele.

Mama akafika na gauni la kanisani, ungo wa karanga mkononi. Darasa zima likamwamkia shikamoo. Akakaa, akaanza kumenya.

"Unakionaje, Mama?" Dokta akauliza.

"Kizuri sana, baba. Kama cha ofisini."

Wenzangu wakapiga makofi. Dokta akafungua kalamu. Macho yangu yakateremka kwenye miguu ya Mama. Visigino vinaning'inia, amejishikiza sakafuni kwa ncha za vidole. Ungo ukateleza mapajani, akaubana kwa kiwiko, akatabasamu. Ukateleza tena. Akatabasamu tena.

Nyumbani Mama hukaa amenyoosha miguu, ungo umetulia mapajani. Nimemwona hivyo tangu nipate akili. Na ile programu iliniuliza kabisa: huyu mtu hukaaje anapofanya kazi? Nikaandika "kawaida", nikabonyeza, maana nilikuwa na hamu ya kuona picha.

Nyamaza, Erica, nikajiambia. Kalamu iko juu ya karatasi. Nyamaza kidogo tu.

"Mama, kinakusumbua?"

"Aa, hapana, mwanangu." Jasho linamtoka puani.

"Mama! Usinifiche."

Akamtazama Dokta, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Naogopa kuanguka."

Nikaenda kuchukua msumeno. "Inuka, Mama."

"Erica, kanuni unaijua," Dokta akasema kwa upole.

"Naijua, Dokta." Hasira zilinipanda, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nikakilaza kiti. "Shika huku, Mama."

Akashika. Nikakata mguu mmoja baada ya mwingine, unga wa mbao ukimrukia kwenye gauni lake la kanisani, mpaka kiti kikabaki kifupi kama kibao cha mbuzi. Nikakisimamisha. Mama akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu. Ungo ukatulia. Vidole vikaanza kukimbia, maganda yakaruka huku na huku, na nadhani akasahau kwamba tupo.

Dokta akafunika kalamu, akasogea kwa mwanafunzi mwingine.

"Kwa hiyo umefaulu, mwanangu?" Mama akauliza bila kuinua macho.

"Menya karanga, Mama."