Sukari Imeshuka Soni

Mimi sukari ikinishuka, nacheka. Wengine hukaa kimya, wengine hugombana na watu. Sista Tabitha wa hospitali ya Bumbuli alinieleza hivyo siku aliyonifundisha kujichoma sindano. Mimi nacheka kwanza, kuanguka baadaye. Na kabla hata ya kucheka kuna dalili nyingine, ambayo Mama aliigundua mapema kuliko mimi: naanza kuamkia vitu. Siku ya kwanza nilimwambia jogoo wetu shikamoo, kwa adabu zote, goti limekunjwa. Mama akadhani nafanya utani. Alipoona bado nimeinama nasubiri jogoo aitikie marahaba, ndipo alipokimbilia kopo la sukari.

Ajabu ya ugonjwa huu ni jina lake. Unaitwa sukari, na sukari unakatazwa. Halafu ukishajichoma dawa, ukala kidogo, ukapanda mlima na mzigo kichwani, sukari hiyo hiyo inakukimbia mwilini na lazima uilambe upesi. Mimi inanikimbia mara tatu kwa wiki, pengine nne. Kwetu milima iko kila upande, hata kwenda chooni ni kupanda.

Kwa hiyo nilitembea na fundo la sukari kwenye pindo la kanga, na Sista Tabitha alinipa na maneno ya kusema kama fundo limeisha. "Usione haya, Zakia. Mwambie mtu wa karibu: sukari imeshuka. Basi."

Mwaka huo, tisini na tatu, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nauza kabichi na hoho kwenye gulio la Soni, Jumanne na Ijumaa. Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Nyumbani nilikuwa mgonjwa. Gulioni nilikuwa muuza kabichi, tena kabichi nzuri, watu waliziulizia kwa jina langu. Ila nilikuwa nimeshaanguka pale mara mbili, nikarudishwa nimebebwa, na Mama alikuwa ameapa.

"Ukianguka mara ya tatu, tenga lako la kabichi nalitundika darini na wewe unakwenda Muheza kwa shangazi yako. Kule hakuna milima."

"Nikafanye nini kwa shangazi?"

"Ukae."

"Nikae mpaka lini, Mama?"

"Kukaa hakuna mpaka lini. Unakaa tu."

Jumanne ile basi nilijiangalia kama mtu anayebeba mayai. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, mlima niliupanda kwa saa mbili badala ya moja. Kiazi changu nilikila njiani, fundo la sukari nikalilamba njiani. Nikafika mzima, nikapanga kabichi zangu. Ingekuwa msimu wa pichi ningeomba tunda moja kwa jirani, lakini upande wetu siku hiyo ulikuwa wa mboga, maharage na vyungu vya Bibi Mwanahawa.

Kwenye saa tano hivi nikaiona kabichi moja inanitazama. Kabichi kubwa, imekaa kama mwenyekiti wa kijiji. Nikaona si vizuri kuipita bila salamu.

"Shikamoo," nikaiambia.

Halafu nikajisikia. Nikajisemea: Zakia, umeanza. Nikamgeukia Dada Mwajuma, muuza maharage, aliyekaa kando yangu.

"Dada Mwajuma," nikasema, na kicheko kinanisukuma kooni, "sukari imeshuka."

Mwajuma akaacha kupepeta. "Imeshuka? Lini?"

"Sasa hivi."

"Imeshuka sana?"

"Sana, dada. Imeshuka kabisa."

"Wapi?"

"Hapa hapa!"

"Nani kakuambia?"

"Nimeisikia mwenyewe!"

Sasa mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kuelewa. Zamani sukari tulipewa kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, kilo moja kwa kaya, na ikiisha imeisha. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, maduka yakajaa sukari mpaka mlangoni, lakini bei ikawa kama mbuzi aliyekata kamba: asubuhi iko hapa, jioni iko juu mlimani. Sote tulikuwa tunangoja siku moja ishuke. Na mimi nilikuwa muuza kabichi mkimya ambaye hajawahi kumdanganya mtu.

Mwajuma alisimama na ungo wake. "Jamani! Sukari imeshuka dukani kwa Hashimu! Zakia kaisikia mwenyewe!"

Upande wote wa mboga ulinyanyuka kama ndege shambani. Kanga zinafungwa, vikapu vinamwagwa, mmoja kakimbia na kiatu kimoja. Kila anayepita ananiambia, "Zakia, niangalizie!" Hata Bibi Mwanahawa, ambaye magoti yake huwa hayamruhusu kusimama kumsalimia mtu, alinipita kwa kasi, kichwani chungu kipya cha kubebea sukari.

Nikabaki peke yangu na mali ya gulio zima. Nilicheka mpaka machozi. Nataka kuwaita, natoa kicheko. Jasho linanitoka, vidole vinatetema, na naona ni jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kuona: sukari imenishuka mimi, wamekimbia wao!

Nikawaza, polepole sana, kama mtu anayesoma kwa kidole: wao wamekwenda kwenye sukari. Mimi nataka sukari. Basi na mimi niende. Nikaliambia gulio lijiangalizie lenyewe, nikashuka kwenda dukani nikiyumba.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya duka imezunguka mpaka kwa fundi baiskeli. Ndani Hashimu alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda.

"Haijashuka! Nasema haijashuka! Imepanda tangu Jumamosi!"

"Unaficha!" Mwajuma akamjibu. "Imeshuka, wewe unataka utuuzie bei ya juzi! Enzi za kuficha zimekwisha, Hashimu, sasa ni ruksa!"

Nikajipenyeza. "Foleni, wewe! Foleni!" wakanisukuma, lakini kwa kuwa nilikuwa nayumba, kila aliyenisukuma alinisogeza mbele. Nikafika kwenye gunia la sukari, limefunguliwa mdomo, jeupe, limenenepa. Nikakunja goti.

"Shikamoo," nikaliambia gunia.

Mtu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni aligeuka kwa ghafla. Alikuwa Mama yangu. Baadaye nilijua kwamba alikuja kunichunguza kwa siri kama nimekula, akasikia njiani habari ya bei, akaona anichunguze baada ya sukari.

"Zakia! Imeshuka?"

"Ndiyo imeshuka, Mama Zakia," foleni ikamjibu, "si ndiyo tumekuja!"

"Haijashuka!" Hashimu akalia.

"Imeshuka kwa mtoto wangu!"

"Kwa mtoto wako peke yake? Na sisi je? Upendeleo huo!"

Mama alizamisha mkono ndani ya gunia la Hashimu, akatoa ngumi nzima, akanijaza mdomoni. Bibi Mwanahawa akapiga ukelele mpaka chungu kikamponyoka kichwani kikavunjika. "Unamuua! Mtoto ana sukari huyo!"

"Hana!" Mama akasema. "Ndiyo shida yake sasa hivi, hana!"

Wote wakanitazama nikitafuna. Nilimeza, nikangoja, nikameza tena. Polepole Hashimu akarudi kuwa mtu mmoja badala ya wawili.

Mwajuma ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hiyo uliposema imeshuka..."

"Mimi," nikasema.

"Na uliposema umeisikia mwenyewe..."

"Mwilini, dada."

Alinitazama. Akautazama mfuko wake mtupu. Kisha akaanza kucheka, na Bibi Mwanahawa akakaa chini katikati ya vigae vyake akacheka, na Hashimu kule juu ya kreti akacheka mpaka akashikilia mizani. Safari hii sukari ilikuwa imenirudia, nilicheka kwa akili zangu.

Njiani kurudi nyumbani, kwenye daraja, Mama akaniuliza.

"Ulianguka?"

"Sikuanguka, Mama."

"Shahidi wako nani?"

"Foleni nzima. Na wewe ulikuwa wa kwanza."

Akasonya, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Ijumaa aliandamana nami. Sikujua kama anakuja kunilinda au kuliaga tenga langu. Tulipofika kwa Hashimu tukakuta maandishi ya chaki mlangoni. Mama hajui kusoma, akanigusa kiwiko. "Nisomee."

Nikasoma: "SUKARI HAIJASHUKA. IKIMSHUKA ZAKIA, APITE BILA FOLENI."

Mama akanitazama usoni kwa makini. "Umeamkia kitu leo?"

"Sijaamkia, Mama."

Hakuridhika. Akamwita Mwajuma, naye akasoma neno kwa neno, kisha akafungua pindo la kanga yake akatuonyesha fundo jeupe. "La Zakia hili. Bibi Mwanahawa analo lake kwenye chungu."

Mama aliyatazama tena yale maandishi asiyoyajua. Kisha akatangulia mpaka mahali pangu gulioni, akalishusha tenga langu kutoka kichwani mwake, maana siku hiyo alikuwa amelibeba yeye mlima mzima, akaniwekea miguuni.

"Haya, panga kabichi," alisema. "Lori la wanunuzi linafika."