Kreti la Mazoezi

Mume wangu ana moyo mzuri, lakini ukimtania mbele ya watu, akili inamhama. Siku moja gari lake lilikwama kwenye tope, kaka yangu akalivuta kwa kamba, wenzao wote wakitazama, kisha akalibandika jina: Kobe. Tangu siku hiyo mume wangu hakupata raha. Nami nilicheka kuliko wote, kwa hiyo nisijitie utakatifu.

Akaamua gari liinuliwe, lifungwe springi ndefu na matairi makubwa. Tulipitia gereji tukiwa njiani kumpeleka mama yake kliniki. Magoti ya mama mkwe wangu yamechoka. Kupanda gari kwake ni safari nzima, mkono mmoja mlangoni, mwingine begani kwangu. Fundi alituteremsha sote, akalipandisha gari kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo, ili mwenye gari aone kimo kabla ya kitu chochote kufunguliwa.

"Litakuwa hivi," alisema. "Kwenye tope litapita. Kazi itakuwa kupanda. Humu huwa anapanda nani?"

"Mimi na wenzangu tu," mume wangu alijibu.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yetu, mkoba mapajani. Nilijua amesikia, maana aliacha kujipepea. Ningeweza kusema, "Na Mama je?" Sikutaka kumwaibisha mume wangu mbele ya fundi, basi nikanyamaza, nikamwaibisha mama yake.

"Haya, nileteeni kesho," fundi alisema, akalishusha.

Njiani Mama alisifu barabara, akasifu hata upepo wa dirishani. Heri angetutukana.

Jioni tulisikia kishindo uani, tukatoka mbio. Mama alikuwa amesimama ukutani, ameshika nondo za dirisha, mguu mmoja juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mwingine chini. Kreti jingine lilikuwa limeanguka pembeni. Jasho lilimtiririka.

"Mama, unafanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Nafanya mazoezi, mwanangu. Gari likishainuliwa, nisije nikawachelewesha." Alivuta pumzi. "Kreti moja nimeliweza, la pili ndilo limenishinda. Yale magogo ya fundi ni kimo cha moja au mawili?"

 Mimi sikujua pa kuuweka uso wangu. Mume wangu alimshika mama yake kiunoni, akamteremsha polepole, kisha akaketi juu ya lile kreti, macho chini.

"Gari haliinuliwi, Mama. Nisamehe."

Mama alimfuta vumbi begani, kama anavyofanya kila mara.

"Lakini si watakucheka tena, mwanangu?" aliuliza, kwa huruma kabisa.