Uwele wa Ukoo

Kazi ya mzee Dagane ilikuwa kuketi. Ndiye aliyeamua kesi za ngamia pale Garissa, na kila mwenye kesi alimjia na fungu la sukari. Aliketi mkekani toka asubuhi mpaka jioni, chai tamu mbele yake, na alipotaka kitu alikohoa tu. Mkewe Hawo alijua maana ya kila kikohozi.

Kisha sisimizi wakaanza kujazana pale alipokojoa, na kidole gumba cha mguu kikapata kidonda kisichopona. Kura, dresa anayefunga vidonda hospitalini, alikitazama kidonda, akalitazama na tumbo.

"Mzee, una ugonjwa wa sukari. Acha chai hiyo. Kula ugali wa uwele, kwa kiasi, na kila siku utembee mpaka mtoni. La sivyo, mguu utakatwa."

Hawo alishikwa na hofu. Siku ileile alinunua uwele kwa wakulima wa mtoni, akautwanga. Dagane naye akaita ukoo.

"Mtu wetu akiua," aliwauliza, "diya hulipwa na nani?"

"Ukoo mzima."

"Basi na ugonjwa ni hivyo hivyo."

Akagawa mzigo. Mdogo wake Sugow angekula uwele. Binamu yake Alio angetembea mpaka mtoni. Yeye angebaki na kidonda, kwa kuwa hakigawanyiki, na chai ya kujiliwaza.

"Baba Abshiro, mguu ni wako!" Hawo alilia.

"Mambo ya ukoo waachie wanaume."

Haya. Msicheke, maana kila mtu alitimiza sehemu yake. Sugow alimaliza sahani ya uwele kila siku, kitambi kikamwisha, akaoa mke wa pili. Alio alikaza mwendo wa mtoni mpaka vijana wakashindwa kumfuata. Kidole cha Dagane kikawa cheusi, kikakatwa.

Kiungo cha Mwislamu huzikwa, basi ukoo mzima ulikuja kuzika kidole. Waligombania jembe. Walipokwisha omba dua walirudi nyumbani kwa Dagane kunywa chai, na hapo Hawo akasimama mbele ya wanaume.

"Kura anasema sasa unafuata mguu. Mmemlia uwele, mmemtembelea mtoni, Mungu awalipe. Nani atamtolea mguu?"

Alio alikumbuka kwamba ngamia wake hawajanywa maji. Sugow aliikunja miguu yake taratibu chini ya shuka.

"Hata wewe, Sugow?" Dagane aliuliza.

"Kaka, mimi nimeoa juzi tu."

Hawo akaleta ugali wa uwele. Sugow, kwa mazoea, akanyoosha mkono, na Dagane akaupiga kofi.

"Mama Abshiro," alisema, "njia ya mtoni siku hizi ni ipi?"

"Kidonda kikifunga nitakuonyesha. Leo kula."

Mzee akaivuta sahani. Na Dagane, ambaye tangu azaliwe hajapata kutia tonge kinywani bila kumkaribisha aliye karibu, akainamisha kichwa mbele ya ukoo wake wote, akala peke yake.