Mikono ya Msusi

Msusi yule alikuwa na mikono miepesi, hata wateja walisinzia akiwasuka. Mmoja tu ndiye hakusinzia: binti yake mwenyewe. Mtaa ulimbandika jina la Malkia kwa vile hakupenda kuguswa, na akiona kitana tu alianza mayowe. Lakini mtoto wa msusi atembee na nywele timtim? Watu wangesema mganga hajigangi, na wateja wangehama. Kichwa kile ndicho kilikuwa kibao cha saluni.

Basi kila Jumamosi alimbana katikati ya magoti, akamsuka. Mtoto alilia, akang'ata, mwishowe akalegea.

"Samaki mkunje angali mbichi," msusi aliwaambia wateja, nao wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna tu aliyewaza kwamba kitana kinachomlaza mmoja kinaweza kumchoma mwingine.

Aliyeshtuka ni mwalimu wa darasa la kwanza. Malkia hakucheza na wenzake, hakuitika akiitwa, na maneno yake karibu yote yalikuwa matangazo ya redioni, neno kwa neno. Mwalimu akawatuma hospitali.

Daktari hakushika sindano. Alikaa sakafuni akacheza na Malkia asubuhi nzima, huku akimdodosa mama mambo ya tangu mtoto ananyonya. Aliwahi kukuonyesha kitu kwa kidole? Akiumia anamkimbilia nani?

"Mimi, nani mwingine?" msusi akajibu upesi. Lakini haikuwa kweli. Malkia akiumia alijificha.

"Binti yako ana usonji, mama. Alizaliwa nao, si wewe uliyemsababishia. Mguso, kelele, mwanga, vyote vinamfikia kwa ukali kuliko sisi. Kichwani ndiyo zaidi."

"Mimi namsuka, daktari. Huwa namshikilia. Kumbe..." Akaitazama mikono yake. "Dawa yake nini?"

"Kidonge hakuna. Tutamfundisha kusema anachotaka na asichotaka. Na wewe uombe ruhusa kabla ya kumgusa. Akikataa, mwache."

Majuto ni mjukuu, na kwa msusi alikuja na mizigo yake yote. Kila kichwa alichosuka kilimkumbusha kimoja. Aliacha kumsuka Malkia, akampeleka kliniki bila kukosa, na kila asubuhi akamwuliza, "Nikukumbatie?" Malkia alipita zake. Msusi hakuomba makubwa: siku moja tu mwanawe aumie, amkimbilie yeye.

Siku hiyo ilionekana kufika. Saluni imejaa, Malkia akabanwa kidole na droo, akalia. Msusi akaziacha nywele za mteja nusu, akamwendea mbio, mikono wazi, ruhusa kaisahau.

Malkia akarudi nyuma. "Sitaki!"

Redio haikuwahi kutangaza neno hilo hivyo. Lilikuwa lake mwenyewe.

"He! Anamjibu mamake hivyo?" mteja akafoka. "Mtandike!"

Msusi akaishusha mikono, akaificha nyuma ya mgongo. Alitaka kucheka, alitaka kulia.

"Haya, mwanangu. Sikugusi."

Lakini Malkia alikwisha kufumba macho. Alikuwa amekaza mabega, ameinamisha kichwa, anangoja kushikwa.