Mikro Iliyoazimwa Msikitini

Jumatatu, baada ya adhuhuri, Rehema aliazima mikro, kile kipaza sauti cha msikitini, akaibeba chini ya mtandio. Baba yake, mzee Assumani, aliyesomesha watoto Kurani hapa Kasongo miaka arobaini, alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alishasema sauti itakwisha, na ikikwisha hairudi.

Kabla haijakwisha, mzee alitaka kusema na mwanawe Kamaldine. Miaka tisa iliyopita alimfukuza mbele ya watu kwa wizi ambao baadaye ulijulikana si wake. Kamaldine akaenda zake Salamabila kuchimba dhahabu. Simu hapokei. Barua mbili zilirudi hazijafunguliwa, na aliyezipeleka alirudi na neno moja tu: "Baba aseme yeye mwenyewe, nimusikie kwa masikio yangu."

Simu ya Rehema ilikuwa ya kubonyeza, hainasi sauti. Ila marehemu mume wake alimwachia kompyuta ndogo. Kwa kuwa ncha ya waya wa mikro ilikuwa nene kuliko tundu, fundi Heri wa sokoni alimtafutia kichwa cha kuunganishia. Rehema akachomeka, akasema "moja, mbili", na mstari wa kijani ukarukaruka kwenye kioo. Moyo wake ukatulia.

Mzee alikaa kitandani, mikro mdomoni, jenereta la jirani, lililowapa umeme, likinguruma dirishani. Alisema kwa shida, sauti ikikwaruza. "Kamaldine, mwanangu. Nilikosa mimi. Wewe hukuiba kitu." Alitaja siku ile, watu waliokuwepo, na maneno aliyotamka. Alilia, akaendelea. Rehema, aliyekuwa mbele ya kompyuta, alimwitikia tu. Alipomaliza kuhifadhi, jenereta likazimwa na kioo kikawa cheusi, maana betri ya kompyuta ilikufa zamani.

Jirani aliwasha tena Alhamisi. Dady, dereva wa pikipiki, alikuwa mlangoni akingoja flashi aipeleke Salamabila. Rehema akafungua asikilize kwanza. Mngurumo. Kisha sauti yake mwenyewe, safi kabisa: "Ndiyo, baba. Endelea." Mngurumo. "Nakusikia, baba." Ya mzee haikuwamo hata neno moja.

Alikimbia kwa Heri, kompyuta kwapani. Heri akakigeuzageuza kile kichwa, akashusha pumzi.

"Mama, hii haipatane na mashini yako. Haikuona mikro kabisa. Ilikuwa inasikia kwa kamikro ka ndani yake, kale kalikuwa karibu na weye. Ni kosa yangu."

Akampa kingine, akamwonyesha pa kuchagua mikro.

Lakini sauti ya mzee ilikuwa imeondoka tangu jana asubuhi. Rehema alijua, na bado, aliporudi nyumbani, akamwekea mikro mkononi. "Baba, jaribu."

Mzee akafungua mdomo. Midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikatoka. Mstari ukalala chini. Rehema akachomoa, akachomeka upya. Umelala. Akajiambia labda ni kichwa hiki nacho, akaichukua mikro, akasema, "Baba."

Mstari ukaruka hadi juu.

Mzee aliuona. Akageukia ukutani.

Nje Dady alipiga honi. Mvua ilikuwa inakuja, na njia ya Kabambare, ya kwenda Salamabila, ikilowa haipitiki. Rehema akatoka mikono mitupu.

"Flashi iko wapi, mama?"

"Wende tu, Dady," alisema. "Hakuna kitu ndani."