Mwenye Kuzunguka Ndege Hasemeshwi

Pale kijijini Yarrandool, mtu akiwa anaizunguka ndege yake kuikagua kabla ya kuruka, husemi naye. Humsalimu, humuulizi habari za mvua, humwambii kwamba mkewe amepiga simu. Hata nyumba yake ikiwaka moto, unangoja amalize kwanza ndipo umpe habari. Na ukimsemesha kwa kujisahau, hakujibu. Ananyanyua mkono, anarudi puani mwa ndege na kuanza upya kama vile hajagusa kitu. Kila mwenye ndege nyepesi katika banda la bati la pale uwanjani alikuwa ameshakaripiwa juu ya jambo hilo, na mkaripiaji alikuwa mmoja tu, Ivor Trestrail.

Ivor alikuwa mkata manyoya ya kondoo mstaafu, mgongo umempinda kwa kazi, viganja vipana vya kutisha. Ndege yake aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, ndani ya banda la kondoo alilokuwa akikatia manyoya. Ilikuwa na viti viwili na mabawa ya kitambaa kilichokazwa na kupakwa rangi ya samli. Na asikwambie mtu, ile ndege ilitunzwa. Wapo watu wanaowalea watoto wao kwa uangalifu mdogo kuliko ule. Kila alipobadilisha oili alikichana kichujio cha zamani kwa kisu, akakikunjua juani na kupekua kila pindo akitafuta chembe ya chuma. Asubuhi, kabla ya kuwasha, aliigeuza propela kwa mkono, taratibu, mpaka tangi la oili libeue, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni akishanyonya. Lisipobeua, haendi popote.

Shida ilikuwa moja. Uwanja haukuwa wao. Ilikuwa njia ndefu ya nyasi katikati ya mashamba ya ngano ya mzee Hartwig, aliyewaachia waitumie kwa malipo ya keki ya matunda kila Krismasi. Hartwig alipofariki, shamba likanunuliwa na Rowena Kerslake, mwanamke wa makamo aliyetokea upande wa pwani, mkulima wa kweli kweli, si mtu wa kuletewa mzaha. Siku ya kwanza alisimama katikati ya uwanja, akachimbua udongo kwa kisigino, akasema dengu zitastawi hapa. Akawaambia wazi kwamba mvua za kupandia zikikaribia, atalima.

Kwa wenzake Ivor huo ulikuwa usumbufu tu. Ndege zao zilikunja mabawa, zikipanda kwenye trela unazivuta mpaka uwanja wa mjini. Ya Ivor haikunji chochote, na mabanda ya mjini yalikuwa yamejaa tangu zamani. Uwanja ukilimwa, ile ndege ingekaa bandani kama kabati, na yeye umri wa kujenga nyingine ulikwisha kumpita. Hakusema, lakini aliogopa. Alikuwa akiamka, anakunywa chai yake, anaangalia dirishani kama trekta limeshaingia.

Rafiki yake, Clarrie Bohm, ndiye aliyetoa wazo. Clarrie huyu hana hata unywele mmoja kichwani, na kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya watu wa kule kumpa mtu jina la kinyume, wote humwita Kipilipili.

"Mpandishe ndege yule mama," alisema Kipilipili. "Sijaona mtu aliyepanda na wewe akashuka vilevile alivyopanda."

Rowena alikubali kwa shingo upande. Alisema atakuja asubuhi moja, apande, ashuke, na wasidhani kupanda ni kukubali. Ivor hapo akapagawa. Siku moja kabla ya mgeni aliifagia sakafu ya banda, akaipangusa ndege kuanzia pua hadi mkia, akaona na vile vizibo vyenye utepe mwekundu vimechakaa kwa vumbi. Vizibo hivyo huwa vinaziba vijibomba vidogo vya hewa chini ya mabawa wakati ndege imelala, maana nchi ile ina nyigu wa udongo, na nyigu wa udongo akiona tundu haliachi. Ivor akavichomoa vyote, akavifua kwa sabuni, akavianika kwenye waya kwa vibanio. Akaenda kulala amefurahi. Utepe ukawa msafi, na tundu likabaki wazi.

Asubuhi Rowena alifika na pikapu yake, buti zina matope, kofia imeshuka machoni. Ivor akaanza kuzunguka ndege. Na Rowena, ambaye hakuna aliyemfundisha desturi, akauliza kitu. Aliuliza kama ni kweli Hartwig alikuwa na mbwa aliyezikimbiza ndege.

Sasa hapo Ivor alipaswa kunyanyua mkono. Yeye mwenyewe, mkaripiaji mkuu! Lakini alimtazama yule mwanamke, akaona kwa mara ya kwanza amekaribia kutabasamu, akaogopa kuliharibu tabasamu hilo. Akajibu. Akasimulia habari za yule mbwa, alivyokuwa akingoja mwisho wa uwanja kila jioni, alivyowahi kuning'inia kwenye gurudumu la ndege ya Kipilipili. Mikono iliendelea kuzunguka huku mdomo unasimulia. Chini ya bawa la kushoto, mahali ambapo siku zote huinama na kupuliza kile kijibomba cha hewa, alipita akiwa anamwigiza mbwa. Kipilipili aliyaona yote akiwa mlangoni mwa banda, na baadaye alikiri kwamba yeye pia alikuwa anacheka.

Wakaruka. Nyasi ziliwaachia mapema, maana ile ndege haikuwahi kuwa nzito, na shamba lote likafunguka chini yao: mabua ya ngano iliyovunwa, mabwawa ya kunyweshea kondoo, kasuku wenye rangi ya waridi wameinuka kundi zima kutoka kwenye miti na kugeuka pamoja. Ivor alipanda juu zaidi ya kawaida yake, ili mgeni aione ardhi yake yote kwa mkupuo mmoja. Huko kupanda juu ndiko kulikowaokoa.

Injini ilikohoa mara moja. Ikakohoa tena. Ivor akawasha pampu ya pili, akajaribu starta, propela ikajivuta nusu mzunguko, kisha ikasimama wima mbele yao, haitikisiki.

Moyo wake uliruka, lakini mikono haikujua habari hiyo. Mikono ilishusha pua kidogo, ikatafuta mwendo unaotakiwa, ikaigeuza ndege kuelekea uwanjani polepole. Alimwambia Rowena akaze mkanda, basi. Upepo ukawa unapita kwenye mabawa kwa sauti ndogo, na kutoka chini kabisa walisikia mbwa anabweka, na lango la chuma linafungwa shambani kwa mtu. Akauona uwanja, akapima, akaona anafika. Akapima tena. Magurudumu yakagusa nyasi taratibu kabisa, ndege ikatambaa, ikaishiwa na mwendo hatua chache kutoka mlango wa banda.

Rowena akavua kofia. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mzee," alisema, "ulivyoizima pale juu. Sikujua kama shamba langu lina sauti. Kuna kitu nilikuwa nimekiamua juu ya uwanja huu. Nipe siku mbili tatu nikifikirie upya."

Kipilipili alikuwa ameshafika mbio, amepauka, kwa sababu mtu wa ndege akiona propela imesimama angani hahitaji kuambiwa. Akayasikia maneno ya Rowena, akamtazama Ivor usoni, akamkazia macho kweli kweli. Rowena alipokwenda kwenye pikapu kuchukua chupa yake ya maji, Kipilipili akamshika mkono mwenzake.

"Nyamaza, ndugu yangu. Nakuomba. Kaona raha, mwache na raha yake."

Ivor aliuchomoa mkono wake. Alipanda kwenye kigoda, akafungua kifuniko cha tangi la petroli juu ya bawa la kushoto, na tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyekuwa anazama. Akashuka, akainama chini ya bawa. Kijibomba cha hewa kilikuwa kimezibwa kwa udongo mwekundu, laini, umesawazishwa vizuri kabisa. Hewa haikuingia, na petroli ikakosa namna ya kutoka. Alikaa pale amechuchumaa, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Uwanja ulikuwa karibu urudi mikononi mwake. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kusema uongo, au ndivyo alivyojaribu kujiambia. Lakini alijua pia kwamba yule mama angepanda tena siku nyingine na mtu mwingine, akiamini kwamba injini huzimwa kwa burudani.

Rowena aliporudi, Ivor alimwonyesha ule udongo.

"Sikuizima mimi," alisema. "Ilizimika. Nyigu ameziba hapa, na mimi ndiye niliyempa nafasi. Halafu nikapita hapa bila kuinama, nikikupigia hadithi za mbwa. Kosa ni langu, lote."

Rowena aliugusa ule udongo kwa kidole. "Tungekufa?"

"Kwa urefu ule, hapana. Ingekuwa wakati tunaruka, juu ya ile miti, sikuhakikishii."

Rowena alivaa kofia yake. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Pikapu iliondoka na vumbi likabaki limesimama barabarani. Kipilipili akaketi juu ya dumu, akasema bila ukali wowote kwamba katika maisha yake amejuana na wapumbavu wengi, ila huyu wa leo anawapita wote. Kisha akamimina chai, akampa Ivor kikombe cha kwanza.

Siku zikapita bila neno. Ivor aliusafisha mfumo wote wa petroli, akafungua kila mpira, akaufunga tena, akamwomba Kipilipili akague kila alichokigusa, kama ilivyo desturi yao mtu akiwa ametia spana kwenye kitu cha kuruka nacho. Kazi ilimsaidia asifikiri. Mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya upande wa magharibi, na majirani wakaanza kutia mafuta matrekta yao.

Ilipofika asubuhi nzuri, isiyo na upepo, akaamua aruke, maana huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho. Aliisukuma ndege nje, akasimama puani, akaanza kuzunguka. Alikuwa ameshaibeulisha oili na kuvuka bawa la kulia, yuko mkiani, aliposikia pikapu. Mlango ukafungwa. Buti zikaja juu ya nyasi.

"Ivor," akasema Rowena. "Nimekuja na jibu lako."

Kipilipili, mlangoni mwa banda, aliacha kutafuna mkate. Hata mimi ninayesimulia najua ningegeuka. Nani asingegeuka? Kila kitu alichokitaka yule mzee duniani, au kila alichokiogopa, kilikuwa kwenye ulimi wa yule mwanamke, hatua nne nyuma yake.

Ivor alinyanyua mkono. Hakumtazama. Akatoka mkiani, akarudi mpaka puani, akaanza upya.

Akaigusa propela, ukingo mmoja, ukingo wa pili. Akaigeuza kwa mkono, taratibu, mpaka oili ibeue tena. Akatikisa gurudumu. Akapapasa bawa la kulia kwa kiganja chote, akachungulia kila waya uliosokotwa kwenye boliti. Mkiani akausukuma usukani huku na huku. Bawa la kushoto, akainama kwa shida, goti likalia, akachomoa kizibo chenye utepe mwekundu, akaweka mdomo kwenye kijibomba na kupuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Kipilipili alikuwa amejishika upara kwa mikono miwili.

Alipomaliza ndipo Ivor akaweka mkono juu ya pua ya ndege, akageuka.

"Sema sasa, mama. Nakusikiliza."

Rowena aliitazama ndege, akamtazama mzee, akazitazama nyasi mpaka mwisho wa uwanja.

"Nilikuja kukwambia kwamba Jumatatu trekta linaingia," alisema. "Ndilo jibu nililotoka nalo nyumbani. Ungegeuka pale nilipokuita, ungelipata lilivyo."

"Na sasa?"

"Sasa nitalima pande zote mbili. Katikati hapaguswi na jembe. Na keki ya Krismasi naitaka, nimeambiwa habari zake."

Ivor alifuta uso kwa kitambaa cha oili, ukazidi kuchafuka. Akasogea mbele ili angalau ampe mkono. Lakini Rowena alikuwa ameshavua kofia na kuitupa kwenye kiti cha abiria, na alikuwa amesimama puani mwa ndege. Alinyanyua kiganja chake juu, kumzuia mzee asiseme neno, akaanza kuzunguka.